Jina la Aliyebonyeza

Stoimen, mkuu wa kazi, alifunga mlango wa ofisi yake taratibu, na Zornitsa Ralcheva akadhani wanakwenda kuzungumza habari za kiyoyozi. Kwa wiki mbili kile kiyoyozi kilikuwa kinamdondoshea maji mezani, na barua tatu alikuwa ameshaandika. Ilikuwa Ijumaa ya mwisho wa Juni. Mji wa Ruse, kando ya mto Danube, ulikuwa unasinzia kwa joto, na harufu ya maua ya miti iitwayo lipa, yaliyokwisha kuanguka, ilipita dirishani ikitoka upande wa mtoni, nzito, ya kumtia mtu usingizi katikati ya sentensi.

"Kaa, Zori," alisema Stoimen. "Nina neno tamu na neno chungu. Naanza na tamu."

Neno tamu lilikuwa hili. Wenye kampuni wapya, walioinunua tangu Machi, walikuwa wametaka kujua nani anafanya nini. Kwa hiyo Bi Haller, yule mama wa kwenye skrini anayening'iniza miwani shingoni, aliagiza wachunguze hazina ya msimbo, mahali ambapo kila badiliko la programu huingia likiwa na tarehe na jina la mwenyewe. Miaka minne, wafanyakazi kumi na wanne. Wa kwanza, tena kawaacha wenzake mbali kabisa, alikuwa Zornitsa.

"Wanataka uwe kiongozi wa kikundi," alisema Stoimen. "Na ile zana yako wanataka ianze kutumika ofisi zote tatu. Umeukata, dada!"

Zornitsa alifurahi. Tusimpambe: alifurahi mpaka masikio yakamwaka moto. Alikuwa na miaka thelathini na nane na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba ni wa kwanza katika kitu chochote.

"Na neno chungu?"

Stoimen alitazama ncha ya kiatu chake. "Kamen. Mumeo ni wa mwisho. Ana maingizo tisa. Tisa, Zori, kwa miaka minne! Hata mama wa usafi..."

"Mama wa usafi muache."

"Basi. Lazima mmoja apunguzwe, na yule bibi hataki hadithi. Jumatatu saa tatu asubuhi tunaongea naye, jina linatajwa, yamekwisha."

"Unajua kesho ni siku gani?"

"Najua. Siku ya Mtakatifu Petro. Siku ya jina la Kamen."

"Utakuja?"

Stoimen alijifuta shingo kwa leso. "Nisipokuja watu watasemaje?"

Zornitsa alirudi mezani kwake, akaweka kikombe chini ya tone la kiyoyozi, na kwa nusu saa nzima akawa mtu wa kwanza. Habari ya Kamen ilikuwa imemgonga, ndiyo, lakini ilikuwa bado haijaingia. Alijiona akiwa na kiti chenye mgongo mrefu. Alijiona akisafiri na zana yake kwenda kuwaelekeza watu wa miji mingine. Halafu kutoka meza ya tatu, pale karibu na dirisha, ikaja sauti ya Kamen, ile ya kila Ijumaa, ya upole, ya mtu anayeomba chumvi.

"Zori, nibonyezee."

Na hapo ikaingia.

*

Katika kazi yao kila mtu huchukua tawi lake la msimbo, akakaa nalo pembeni akilitengeneza, na likiwa tayari huliunganisha na shina la wote. Zamani kuunganisha kulikuwa na amri kumi na moja za kuandika kwenye dirisha jeusi la kompyuta, moja baada ya nyingine, na ukikosea ya saba unavuruga kazi ya wenzako. Hapakupita Ijumaa bila mtu kwenda kulia chooni. Zornitsa ndiye aliyewaokoa. Majira moja ya baridi aliteleza kwenye barafu akavunjika kifundo cha mguu, akakaa nyumbani wiki sita, na kwa uchovu wa kutazama dari akaandika zana ndogo. Aliipa jina la Vreteno, kama kile kijiti ambacho Mama Tsonka, mama yake Kamen, alikuwa bado anasokotea sufu. Amri kumi na moja zikawa neno moja: suka. Ukiliandika na kubonyeza, Vreteno ilikusanya vipande vyote vya tawi, ikavifanya kimoja, ikakiunganisha na shina, ikaweka jina, kisha ikalifagia tawi kama vile halijawahi kuwepo.

Jina la nani? La aliyebonyeza. Ulikuwa mstari mmoja tu, aliouandika mguu ukiwa juu ya mto, bila kuufikiria. Nani angehitaji kubonyezewa na mwingine wakati sasa ni neno moja?

Kamen ndiye. Kampuni ilitengeneza programu za kupimia nafaka inayosafiri kwa matishari ya Danube, na Kamen alikuwa mtu wa saa. Tishari likitoka Serbia linakuja na saa yake, likifika Ruse saa imesogea, na shehena ya ngano inaonekana imepakuliwa kabla haijafika. Kamen aliyanyoosha hayo yote, kwa subira ya mtu anayechambua mchele. Lakini siku za zile amri kumi na moja aliwahi kukosea ya saba, akafuta kazi ya watu wanane, na mkuu wa wakati huo akamfokea mbele ya wageni mpaka mate yakamrukia usoni. Tangu siku hiyo hakubonyeza tena. Alifanya kazi yake yote, akaikagua, akaikagua tena, halafu akaomba. Mara nyingi alimwomba mkewe. Asipokuwepo, alimwomba Galin wa meza ya jirani.

Zornitsa alikwenda pale dirishani na kompyuta yake mwenyewe, akainama juu ya bega la mumewe, akalihamishia tawi kwake, akaandika suka. Dirisha jeusi likajibu: *Imeungana. Zornitsa Ralcheva.* Alikuwa ameliona jibu hilo mara mia kadhaa na kila mara lilimpendeza.

"Asante, roho yangu," alisema Kamen. "Umeona? Leo mto umegeuka rangi ya chai."

*

Kamen maana yake jiwe, na Petro ni jiwe, kwa hiyo siku ya mtakatifu ndiyo siku ya jina lake; na siku ya jina hakuna anayealikwa na hakuna anayefukuzwa. Jumamosi kuanzia saa nane mchana watu walipanda ngazi za ghorofa ya nne wakihema, mikononi chupa na maua, na Mama Tsonka akawapokea mlangoni kama waziri. Kuku wa Mtakatifu Petro alikuwa mezani, mchanga, ngozi inang'aa, na pembeni bakuli la matofaa ya kwanza ya mwaka, yale madogo machachu. Kamen alikaa kwenye ncha ya meza amevaa shati jeupe, anacheka na kila mtu, macho yake yakielea kwenye nuru ya roshani kama mtu anayeota ndoto nzuri na hana haja ya kuamshwa.

Stoimen alikuja. Alipewa paja.

"Kula, bosi, kula," alisema Mama Tsonka. "Wewe ndiye unayempa mwanangu mkate."

Stoimen alikohoa. Galin akampiga mgongoni.

"Taratibu, bosi! Ukifa kabla ya Jumatatu nani atamtawaza Zori?" Galin aliinua glasi yake, uso umeshakuwa mwekundu. Siri katika ofisi ile haikuwahi kudumu mpaka chakula cha mchana. "Jamani, hamjui? Bibie anakuwa mkubwa wetu! Kuanzia sasa tunaomba ruhusa hata ya kupiga chafya!"

Meza ikalipuka kwa makofi. Mama Tsonka alimbusu mkwewe mashavu yote mawili, kisha akamgeukia mwanawe.

"Na wewe je? Mkeo anapanda kiti, wewe utabaki kumbebea mkoba?"

"Nitaubeba, Mama," alisema Kamen. "Mkoba wake mwepesi."

Watu wakacheka, naye akacheka kuliko wote. Zornitsa alikuwa na kipande cha kuku mdomoni na hakikushuka. Aliona haya kwa ajili ya mumewe, na hapo hapo akaona haya kwa kuona haya, na hakuwa na mahali pa kuyaelekeza macho yake ila bakuli la matofaa. Stoimen alipoaga, mapema kuliko wote, Kamen alimkimbilia mpaka ngazini na mfuko.

"Chukua matofaa, bosi. Ya bustani ya mjomba. Mpelekee mama watoto."

Kutoka jikoni Zornitsa alimsikia Stoimen akisema hapana, hapana, halafu akamsikia akichukua.

*

Wageni walikwisha kuondoka na jua lilikuwa bado liko juu ya paa za upande wa pili alipomwambia. Walikuwa wamesimama kwenye roshani, na chini yao barabara ilikuwa imefunikwa maua makavu ya lipa, ya manjano, ambayo kila gari likipita yalinyanyuka kidogo na kulala tena. Alimwambia yote, pamoja na ile nusu saa ya furaha. Hiyo alitaka kuificha, akashindwa.

Kamen akasema, "Kwa hiyo kuku wangu ameliwa na mtu anayenifukuza. Lakini alikula vizuri, masikini."

"Kamen, usifanye mzaha. Kazi yako yote ina jina langu. Ni ile zana. Niliandika vibaya."

"Najua."

"Unajua nini?"

"Kwamba inaandika jina lako. Niliona mwaka juzi."

Zornitsa alimgeukia. "Mwaka juzi! Na umekaa kimya?"

"Ulikuwa umeivunjikia mguu ile zana," alisema Kamen, kama kwamba jambo liko wazi. "Ulikuwa unaipenda. Kila mtu anakushukuru, unarudi nyumbani unaimba. Mimi nije niseme, mke wangu, hapa kuna kosa? Halafu nikawaza, jina lako, jina langu, si nyumba moja? Sikujua kama iko siku mtu atakuja kutupima mmoja mmoja."

Zornitsa alilia. Alilia kwa hasira, kwa kuwa wema wa namna hiyo ni mzigo kwa anayefanyiwa. Alipomaliza alijipangusa kwa ncha ya kitambaa cha meza, akauliza, "Yale matawi yako. Uliyafagia kwenye kompyuta yako? Niliwaambia wote mfagie."

Kamen aliona haya kwa mara ya kwanza siku ile. "Ulisema tufagie. Mimi sikuweza."

Jumapili, baada ya chai, waliketi jikoni na ile kompyuta mpakato kuukuu ya Kamen, Mama Tsonka akiwa kando ameshika kijiti chake cha sufu. Matawi yote yalikuwemo. Mia sita na kumi na mawili, kila moja na jina la Kamen Ralchev, na kila hatua ndogo ndani yake na tarehe yake. Wenzake waliyaita matawi kwa nambari za kazi. Kamen aliyaita kwa kitu alichokiona dirishani siku alipolianzisha: *korongo-juu-ya-bomba*. *ukungu-hakuna-mto*. *tishari-lenye-mbwa*. *theluji-inapanda-juu*. Zornitsa alisoma, akawa kama anatembea ndani ya miaka minne ya mtu mwingine aliyekuwa ameketi meza ya tatu kutoka kwake. Na ndani, kwenye maelezo ya hatua, ambako mtu huandika alichobadilisha: *Saa ya bandari ya Smederevo imesogezwa. Zori ana mafua.* *Nimeondoa sekunde ya ziada. Zori amekata nywele.* *Bado sijaelewa. Zori amecheka na simu, sijui nani.*

"Vreteno ilikuwa inayafuta haya," alisema polepole. "Inakusanya, inafanya kimoja, inafuta. Mimi nilikuwa nayafuta kila Ijumaa."

"Maneno tu hayo," alisema Kamen.

Aliisahihisha zana kabla ya chakula cha mchana. Mstari mmoja ukawa minane: sasa suka iliandika kwanza jina la mwenye tawi, na chini yake majina ya wote waliosaidia, yeyote ambaye mwenye tawi atapenda kumtaja. Kisha akaipitisha orodha ya Bi Haller upya, akiyapatanisha matawi ya Kamen na maingizo ya shina moja moja. Kamen akapanda mpaka wa kwanza. Galin alishuka kidogo, maana hamsini na moja ya maingizo yake yalikuwa ya Kamen. Na wa mwisho, chini kabisa, peke yake, akabaki Zornitsa mwenye sitini na mawili.

Ilikuwa kweli tupu. Kutwa nzima yeye alikuwa akiinama kwenye mabega ya watu, akiwafungulia mafundo, akiwaambia usiogope, tutalipata, halijapotea. Hakuna hata moja la hayo lililoingia kwenye hazina. Vreteno yenyewe ilikaa kwenye hazina nyingine, ndogo, ambayo hakuna aliyeagiza ichunguzwe.

"Usiipeleke," alisema Kamen.

"Kamen."

"Nasema usiipeleke! Niache niende mimi. Mjomba ana nyuki, nitakaa na nyuki. Wewe wanakupa kiti, Zori. Umeteseka nao wote. Kiti ni chako."

"Nimekula jasho lako miaka minne bila kujua. Nikilila tena kesho ilhali najua, nitakutazama kwa macho gani?"

"Kwa hayo hayo. Mimi nayapenda."

"Mama," alisema Zornitsa, "mwambie."

Mama Tsonka hakuacha kusokota. Alikuwa hajaelewa matawi wala mashina, ila alikuwa ameelewa kwamba mmoja wa watoto wake wawili kesho atarudi bila kazi. "Mimi nilidhani nina mwana mzembe," alisema. "Jana nimemdhihaki mbele ya watu." Akainama kwenye sufu yake, akaendelea kusokota.

*

Jumatatu saa tatu Bi Haller alitokea kwenye skrini ya ukutani, mkubwa kuliko dirisha. Zornitsa aliomba kusema kwanza. Alieleza ule mstari mmoja, akaonyesha orodha mpya, akasema kosa ni langu, si la mtu mwingine. Alisema kwa dakika sita.

"Shukrani sana, bibie," alinong'ona Galin kwa nguvu, ili asikike. "Mwenyewe unazama, na mimi unanivuta miguu."

"Hamsini na moja si zako, Galin."

"Nani aliyeniomba nibonyeze? Si mumeo? Nilikuwa namsaidia, leo naitwa mwizi!"

"Hakuna aliyekuita mwizi," alisema Kamen kutoka dirishani, na Galin akainamisha kichwa.

Bi Haller alivaa miwani, akasoma, akaivua. Alisema anathamini uaminifu wa namna hii. Alisema zana iliyosahihishwa ni nzuri zaidi na itakwenda ofisi zote tatu kama ilivyopangwa. Kisha akasema, bila ubaya wowote, kama mtu anayeuliza dirisha lifungwe au libaki wazi, kwamba nafasi ya kupunguza bado ni moja, na utaratibu ni kuanzia chini.

Stoimen alifungua kinywa. "Bibi, kazi ya Ralcheva si ya namna inayo..." akasema, akatafuta neno, akalikosa. "Si ya namna inayoandikwa."

"Basi nitaipimaje?" aliuliza Bi Haller, naye alikuwa anauliza kweli.

Tone la kiyoyozi lilianguka kwenye kikombe.

Zornitsa alikusanya vitu vyake kabla ya saa sita: kikombe hicho, sweta, mto aliouwekea mguu aliporudi kazini majira yale ya baridi. Kamen alisimama, akamchukulia mkoba begani mwake, akamsindikiza mpaka chini. Mlangoni walikuta ule mfuko wa matofaa aliopewa Stoimen umesahauliwa juu ya meza ya mlinzi, haujafunguliwa.

*

Septemba wanawake wa mtaa mzima huchoma pilipili hoho kwenye roshani, na moshi wake mtamu unaufunika mji kiasi kwamba mtu huamka asijue kama ameamka. Zornitsa alichoma na Mama Tsonka. Alikuwa ameomba kazi mahali kumi na mawili. Kila mahali walimwuliza amefanya nini kwa miaka minne, na kila mahali alijikuta anaeleza kwa mikono.

Ijumaa alasiri simu ililia, naye akaishika kwa vidole vyeusi vya masizi.

"Zori," ilisema sauti ya Kamen, chini chini. "Nimebonyeza."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe. Wiki ya kumi leo, na bado nafumba macho."

Kila Ijumaa alimpigia hivyo hivyo. Jambo ambalo hakumwambia ni kwamba Vreteno ilipomwuliza nani alisaidia, alikuwa anaandika Zornitsa Ralcheva. Wiki ya kwanza aliandika peke yake. Wiki ya pili Galin alichungulia juu ya bega lake, akasoma, akarudi kwenye meza yake bila neno, na alipobonyeza tawi lake mwenyewe aliliandika jina lile lile. Wiki ya tatu ilikuwa ofisi nzima. Kwani haikuwa kweli? Nani kati yao hakufunguliwa fundo na yule mwanamke, na nani alikuwa anaunganisha bila zana yake?

Mwisho wa mwezi kijana mpya wa makao makuu, aliyekabidhiwa orodha za watu na hakumjua mtu hata mmoja wa Ruse, alimpigia Stoimen simu. Alikuwa na swali dogo. Kwenye msimbo wa robo hii kuna mfanyakazi mmoja aliyemshinda kila mtu, jina lake limo katika kila kitu, lakini kwenye orodha ya mishahara hayupo.

"Ralcheva," alisema yule kijana. "Huyu ni nani?"

Stoimen aliinua macho. Watu kumi na watatu walikuwa wameinamia mashine zao na hakuna aliyekuwa anaandika. Pale kwenye meza isiyo na mtu, kiyoyozi kilikuwa kinadondosha maji, na mtu alikuwa ameweka kikombe.

"Subiri hapo hapo, usikate," alisema Stoimen, akavuta kiti akaketi. "Hii nitakueleza mwenyewe, toka mwanzo, nawe uiandike."